Fimbo za kupanda mlima na begi ya kilo 19, zinasaidia ama ni maringo tu?

goti_la_umoja

Wasee habari. Januari tunaenda Mlima Kenya watu watatu na mwongozaji, tunapandia Sirimon tunashukia Chogoria, siku tano, na vile pesa ni ya kuhesabu tumesema hakuna pota, kila mtu abebe zake. Begi yangu nimeipima kwa mizani ya jamaa wa vyuma kuukuu hapa Umoja ikasoma kilo 19 na bado sijaweka maji.

Jumamosi nikasema nijipime Ngong. Nikajaza pakiti saba za unga na lita mbili za maji nikapanda matatu ya 111 nikatembea vile vilima vyote mpaka Kona Baridi. Kupanda hakukuwa na noma, jasho tu. Kushuka ndio nilijua hujui. Goti la kushoto lililia kama geti haijawahi pakwa mafuta na Jumatatu nilishuka ngazi za ploti kinyumenyume, watoto wa jirani wakanipangia foleni nyuma wakiniigiza.

Sasa mtu ameniambia ninunue zile fimbo mbili za kukunjika, mwingine anasema hizo ni za watalii wazee na watu wa kupiga picha. Kwa mwenye amezitumia na mzigo mzito, si kibegi cha maji na ndizi, zinasaidia ama nitakuwa tu nimeongeza vitu viwili vya kubeba? Na moja haitoshi?

kokoto_tupu

Nunua, na nunua mbili. Hiyo njia yenu naijua, hesabu iko hivi: kilele cha Lenana ni mita 4,985, geti ya Chogoria iko kwa 2,950 hivi, so mnashuka zaidi ya mita 2,000 na mizigo mgongoni, na pale mwanzo kutoka Lenana ni changarawe inateleza, unakanyaga inaenda na wewe. Ngong yote haina kitu kama hiyo. Kila hatua ya kushuka goti linapokea wewe na begi pamoja, kama una kilo 70 ni kama mtu wa karibu 90 anashuka ngazi ndefu bila mwisho, fimbo zinachukua sehemu ya hiyo kazi zinapeleka kwa mikono na mabega. Kwa kushuka ndio zinalipa deni.

Lakini usidanganywe ati utachoka kidogo. Mikono nayo inafanya kazi so moyo unapiga vilevile, saa zingine hata zaidi. Unachopata ni magoti na balansi. Begi kubwa inakaa juu, ukiteleza kidogo inakuvuta kama mtu amekushika kola, ukiwa na fimbo mbili unakuwa na miguu minne. Moja inasaidia upande mmoja tu, na na mzigo mzito utaanza kutembea umepinda.

Kitu yenye karibu kila mtu anakosea ni ule mkanda wa mkononi. Ingiza mkono kutoka chini kwenda juu halafu ndio ushike fimbo na mkanda pamoja, hapo uzito unakaa kwa kifundo cha mkono, vidole vinapumzika. Ukiingiza kutoka juu utafinya hiyo fimbo siku nzima na jioni hata kijiko hutashika vizuri.

Urefu: kwa tambarare kiwiko kikae kama herufi L. Kupanda punguza sentimita tano hadi kumi, kushuka ongeza hivyo hivyo.

mti_wa_mop

Haha watu wa Nairobi mtauziwa mpaka hewa. Mimi nimepanda Longonot, Kilimambogo na Elephant Hill na mti wa mop nilichomoa kwa nyumba. Mama alinitafuta wiki mzima lakini goti ziko sawa 😂

kokoto_tupu

@mti_wa_mop hizo zote unaenda asubuhi unarudi jioni boss, begi yako ilikuwa na nini, chapati mbili na soda? Mti wa mop siwezi dharau, ni mzuri kuliko mikono mitupu. Shida haupungui wala kuongezeka, na mahali pa kutumia mikono kushika mawe utautupa wapi. Hizi za kukunjika unafunga kando ya begi unaendelea.

BintiMvita

Mwanangu goti, fimbo sawa, nunua, lakini hebu niambie kilo 19 ni za nini? Mko watatu, sufuria ni moja, jiko ni moja, hema ni moja au mawili, mgawane. Nimeshaona vijana wamebeba blenda ya mkono mlimani, wallahi sisemi uongo. Fimbo haziwezi kulibeba begi kwa niaba yako.

Na kabla hujalilaumu goti, tazama ulivyolivaa hilo begi siku ya Ngong. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga na ukazwe hasa, maana uzito mwingi unatakiwa uwe pale, mabega yawe yanalishikilia tu lisiyumbe. Vizito viwe katikati vimekaribia mgongo, ule unga wako ukiuweka chini kabisa au mbali na mgongo begi linakuvuta nyuma, nawe unainama mbele, ndipo magoti yanapopata taabu.

Mengine mawili ya kutahadhari. Ukifika penye mawe makubwa toa mikono kwenye ile mikanda, mimi niliwahi kuanguka mkono ukiwa umefungwa na fimbo, dole gumba likavimba likawa kama muhogo, wiki tatu sikuweza kufunga kifungo. Na mkivuka mto fungua mkanda wa kiuno kwanza, ukianguka majini uweze kulivua begi haraka. Hapo fimbo hutumika kupima kina, unachoma mbele ndipo unakanyaga.

goti_la_umoja

Shikamoo mama, nimekosa 🙏 Kumbe mkanda wa kiuno nilikuwa naufunga kwa tumbo, nikadhani ni wa kuzuia begi isianguke. Na nimetoa jeans mbili na betri kubwa ya kuchajia, sasa ni 16 na nusu. Kesho naenda Gikomba, nichukue za kaboni ama alumini? Kuna jamaa ako nazo zote mitumba.

kokoto_tupu

Kwa mzigo chukua alumini. Kaboni ni nyepesi lakini ikibanwa kati ya mawe inakatika kabisa, alumini inapinda na unaweza inyoosha kidogo ukafika nyumbani. Halafu chagua zenye klipu ya kubana, si za kuzungusha. Za kuzungusha zikizeeka zinateleza ndani, mimi moja ilijikunja nikiwa kwa mianzi pale Elephant Hill nikaenda chini na pua. Ukiwa hapo dukani ifungue, ibane, halafu iegemee na uzito wako wote, hata muuzaji akikuangalia vibaya. Ikishuka hata kidogo rudisha. Angalia pia kuna alama ya mwisho kwa kila kipande, usivute kupita hapo. Raba za chini ni za lami na mwamba, kwa matope toa ubaki na ncha ya chuma.

mti_wa_mop

Na ukizikosa mti wangu upo, 200 tu, umeshapanda milima mitatu

goti_la_umoja

Nimezipata, alumini za klipu, 2,800 baada ya kubishana mpaka mvua ikaanza. Moja haina raba. Jumamosi narudi Ngong na zile pakiti za unga, kama kuna mtu anaenda tukutane kwa geti saa moja asubuhi.

BintiMvita

Nitakuja. Huo unga uje nao mzima, usipasuke.