Tupeane uzoefu: jibu la maombi ya mapema ya chuo cha Marekani lilikufikiaje?

Kaka wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu katuma maombi Yale kwa ule utaratibu wa mapema, ambao mwisho wake ulikuwa tarehe 1 Novemba. Tangu hapo nyumbani hakukaliki. Simu ikitoa mlio tu, anaruka. Mama anauliza kama barua italetwa posta au watampigia mkuu wa shule. Nimemjibu kwamba siku hizi ni mtandaoni, katikati ya Desemba, ila namna hasa inavyokuja hata mimi sijui. Mliopitia huko, mliopata na mliotoswa, mwageni uzoefu. Mliambiwaje, saa ngapi, na kikafuata nini? Tafadhali huu uzi usigeuke wa "kwani UDSM ina ubaya gani", ule upo mwingine.

Binti Pangani
Nianze na saa, maana hapo ndipo watu wanapopagawa. Vyuo vingi vya mashariki ya Marekani hufungua majibu jioni ya kwao. Wakisema saa moja jioni, kwa Desemba sisi tumewatangulia saa nane, kwa hiyo kwetu ni saa tisa usiku. Wakitaja tarehe 15, wewe unaangalia usiku wa kuamkia 16. Rafiki yangu alishinda na simu tangu asubuhi ya tarehe yenyewe, kimya, hadi magharibi akawa analia kwamba faili lake limepotea. Wenzetu huko walikuwa bado wanakunywa chai.

Siku chache kabla wanatuma barua pepe ya kutaja siku na saa. Muda ukifika inaingia nyingine, fupi, kwamba kuna taarifa mpya kwenye akaunti yako. Haisemi umepata wala umekosa! Unaingia, unaweka nenosiri (mwambie ajaribu leo kama analikumbuka, asingoje usiku ule), unabofya, ndipo barua inafunguka. Mwaka wetu, waliopata Yale walitokewa kwanza na video ya yule mbwa wa nembo yao, Handsome Dan, na wimbo juu, hujasoma hata neno moja. Mimi nilikuwa kwa shangazi Tanga, bando limekata, nikamwamsha binamu aniwashie hotspot. Mbwa alipoanza kuimba, nyumba nzima iliamka ikidhani ni mwizi.

Mzee wa Bahasha
Nyie mna raha. Sisi wa miaka ya 90 jibu lilikuja S.L.P. ya shule, na hukuhitaji kulifungua. Bahasha nene ina fomu za bweni, za afya, za fedha: umepata. Bahasha nyembamba ina karatasi moja ya pole. Karani wa ofisi alikuwa anajua matokeo yako kabla yako, ukimwona anatabasamu unaanza kukimbia.

Ila na huo mtandao wenu nao una vituko. Mwaka 2002 Yale walipofungua tovuti ya majibu, maofisa wa udahili wa Princeton waliingia humo kwa kutumia tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za vijana walioomba vyuo vyote viwili. Ikawa kashfa nchi nzima. Mwaka 2009 chuo cha California pale San Diego kiliwatumia barua pepe ya kuwakaribisha chuoni watu kama 28,000 waliokuwa wamekataliwa. Desemba 2014 Johns Hopkins nao wakawakaribisha vijana karibu 300 wa maombi ya mapema ambao siku mbili tatu nyuma walikuwa wamewakataa au kuwaahirisha. Kwa hiyo kijana asishangilie barua pepe. Aingie kwenye akaunti, asome barua yenyewe.

Kiporo wa Mwanza
Mimi ni wa kundi la tatu ambalo hamlitaji. Sikukubaliwa, sikukataliwa, niliwekwa kiporo. Yaani unatolewa kwenye fungu la mapema unaingizwa kwenye fungu la kawaida, unasomwa upya pamoja na maelfu wengine, jibu mwisho wa Machi. Ile barua nilikaa nayo nikaisoma kama mkataba wa kiwanja, natafuta kifungu kinachosema ukweli. Hakipo. Ukweli ni kwamba hawajaamua.

Cha kufanya ni kidogo. Shule itume maendeleo ya muhula, na wewe uandike barua moja fupi: bado nakitaka chuo hiki, na haya ndiyo mapya tangu Novemba. Moja tu, jamani. Kuna jamaa alikuwa anawaandikia kila wiki kama anadai kodi ya nyumba.

Mwisho wa Machi vyuo vinane vya Ivy, lile kundi la vyuo vikongwe vya mashariki, Yale kikiwemo, hutoa majibu siku moja. Wakati huo wao wameshasogeza saa zao mbele, kwa hiyo saa moja jioni yao kwetu ni saa nane usiku, si tisa. Nikakataliwa pale, nikapata kwingine.

Chepkoilel
Kwetu Kenya wengi huomba baada ya KCSE, ukiwa nyumbani, kwa hivyo hakuna kengele ya shule ya kukusahaulisha. Unangoja ukichunga ng'ombe. Mimi niliomba MIT, si mapema, ila nitaweka hapa kwa vile wako na maringo yao. Majibu ya kawaida hutoka tarehe 14 Machi, kwa sababu Wamarekani huandika mwezi kwanza, inakuwa 3/14, zile tarakimu za pai. Saa nayo ni kumi na mbili na dakika 28 jioni, 6:28 kwa hesabu yao, pai mara mbili. Huku ni saa saba na dakika 28 usiku. Mwaka wetu waliochaguliwa walitumiwa baadaye mrija wa posta wenye bango na vikaratasi vya rangi. Wangu posta waliufungua kuangalia kama ni bunduki.

Mama Wawili, Dodoma
Mwanzisha uzi, bahati yenu Yale mapema haimfungi mtoto. Akipata ana hadi tarehe 1 Mei kuamua, na huko kwingine anaweza kuomba kwa utaratibu wa kawaida. Harvard, Princeton na Stanford nao wako hivyo. Wangu aliomba kwingine, kwa ule mkataba wa kufunga: anasaini yeye, mzazi, na mwalimu wa shule, na akikubaliwa anaondoa maombi yote mengine.

Usiku ule barua ilifunguka, tukapiga vigelegele, baba yake akachoma mbuzi kesho yake. Habari ya pesa ilikuwa ukurasa mwingine. Tulipoufungua mbuzi ameshaliwa. Msaada ulikuwa mzuri lakini sehemu iliyobaki ilizidi mshahara wa mwalimu kwa mwaka. Tukaandika kuomba waangalie upya, wakaongeza kidogo, haikutosha, wakamwachia bila ugomvi. Msaada usipotosha wanakuachia, hilo wengi hawalijui. Lakini zilibaki siku chache tu kabla ya Januari mosi kutuma maombi mengine.

Ndiyo maana wapo wanaosema utaratibu huu wa mapema, wa kufunga na usiofunga, ni wa wenye nazo. Harvard na Princeton wenyewe walitangaza kuufuta mwaka 2006 kwa hoja hiyo hiyo. Mwaka 2011 wakaurudisha, maana wenzao wengi hawakuwafuata.

Nilitoswa
Nilikataliwa Desemba. Aya tatu, heshima tele. Insha za vyuo vingine nilikuwa nimeshaziandika Novemba, nikazituma Krismasi. Niko Ohio mwaka wa tatu.

Kaka wa Mbagala
Asanteni sana, nimemsomea mama yote, yule mbwa kamchekesha. Swali: dogo anasema usiku huo anataka afungue peke yake, tusimwamshe wala tusimsubiri. Mama hataki kusikia.

Binti Pangani
Mwacheni afungue peke yake. Ila mkagueni bando.

Kiporo wa Mwanza
Na muulizeni leo mwalimu nani atatuma ile ripoti ya muhula, kabla shule hazijafungwa. Januari mwalimu wangu alikuwa Bukoba msibani na nenosiri la shule analo yeye.