Rejesho la nyumba Texas limeruka kutoka dola 2,290 hadi 3,672 kwa mwezi. Naomba ushauri

MtuWaNgamiani

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Texas, nje kidogo ya Houston, huu mwaka wa tisa. Septemba 2024 mimi na mke wangu tulinunua nyumba mpya kabisa kutoka kwa kampuni ya ujenzi, rangi bado inanuka. Bei 329,900. Rejesho la mwezi, kila kitu ndani (mkopo, bima, kodi), lilikuwa 2,290. Mimi niko ghala, mke wangu anatunza wazee. Tulipiga hesabu tukaona tutabanana lakini tutapumua.

Wiki iliyopita ikaja bahasha ya benki. Kuanzia Juni tunalipa 3,672. Niliisoma nimesimama jikoni, nikavuta kiti, nikaisoma tena. Riba ni ileile tuliyosaini. Wanasema akaunti ya eskro, ile wanayowekea hela za kodi na bima, imepungukiwa dola 8,294. Nikapiga simu, dada wa upande wa pili ananiambia tu kodi imepanda. Bili ya 2024 ilikuwa 1,798, ya 2025 ni 10,092. Huko ndiko kupanda?

Hapohapo ikaja notisi ya ofisi ya uthamini: nyumba yangu mwaka jana ilikuwa na thamani ya 348,000, mwaka huu 361,000. Nani kawaambia?

Tanga nyumba ya mzee kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi. Unanunua umeme, unasonya, maisha yanaendelea. Hii ya huku nimeshindwa kuielewa. Benki wamekosea? Nihame benki? Niuze?

Nyongeza: mwezi wa pili baada ya kuhamia tuliletewa barua yenye mchoro wa tai, inataka dola 75 ili tusajiliwe "homstedi". Kwenye grupu la WhatsApp wakasema ni matapeli, nikaichana. Naitaja kwa sababu jirani yangu leo kaniuliza kama nina homstedi, nikamwambia mimi siibiwi kijinga.

Nawasilisha.

Fundi_AC

Nimekaa kiti cha mbele. Nami nanunua mwezi wa saba.

BiMkubwa_77

Mdogo wangu, pole. Nimefanya kazi ya kuandaa karatasi za mikopo ya nyumba miaka kumi na moja hapahapa Texas, nisikilize taratibu.

Benki hawajakosea. Texas thamani ya nyumba hupigwa kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari ya mwaka husika. Tarehe 1 Januari 2024 nyumba yako ilikuwa wapi? Palikuwa na kiwanja, labda na zege la msingi. Kwa hiyo bili ya 2024 ilikuwa ya udongo. Benki wakachukua ile 1,798, wakaigawa kwa miezi 12, wakawa wanakukata dola 150 kwa mwezi. Tarehe 1 Januari 2025 wakaikuta nyumba imesimama na mapazia yananing'inia. Kwa kiwango chako cha asilimia 2.9, laki tatu na arobaini na nane elfu inazaa 10,092. Benki wamelipa, wewe uliwawekea 1,798, tofauti ndiyo hiyo 8,294 wanayokudai. Kwa hiyo sasa wanakukata mara mbili: 691 kwa sababu kodi ya kweli ni 841 kwa mwezi badala ya 150, na 691 nyingine ya kulipa deni kwa mwaka mmoja. Jumlisha na 2,290 yako utaiona 3,672.

Yaani ile 2,290 haikuwahi kuwa bei ya nyumba yako. Aliyekuuzia alijua hilo, na dalali wako alijua. Mimi wateja wangu nilikuwa nawaambia mezani kabla ya saini, wengine walininunia.

Sasa hilo la homstedi. Barua ya dola 75 ulifanya vizuri kuichana. Lakini homstedi yenyewe si utapeli! Ni msamaha wa kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe, na kuuomba ni BURE. Fomu inaitwa 50-114, inapelekwa ofisi ya uthamini ya kaunti yako. Hao wa barua wanatoza watu hela ya kuwajazia fomu ya bure. Umemkimbia mwizi ukaacha na mkoba wako barabarani.

MtuWaNgamiani

Dada, nimeishiwa nguvu. Msamaha wenyewe ni kiasi gani? Na mwaka jana umeshapita.

BiMkubwa_77

Haujapita. Fomu ya kuchelewa inapokelewa mpaka miaka miwili tangu kodi ya mwaka huo ilipoanza kuhesabiwa imechelewa. Ya 2025 ilianza kuchelewa tarehe 1 Februari 2026, kwa hiyo una nafasi mpaka mwanzoni mwa 2028. Usingoje, lakini usilie.

Kiasi: upande wa kodi ya shule, ambayo kwa wengi ndiyo kipande kikubwa kuliko vyote, dola 140,000 za thamani hazitozwi. Ilikuwa 100,000, wapiga kura wakaipandisha Novemba 2025 na ikahesabiwa kwa mwaka huohuo wa 2025. Angalia bili yako, kiwango cha shule ni ngapi?

MtuWaNgamiani

Shule 1.12. Kaunti na vikorokoro vingine 0.83. Halafu kuna kitu kinaitwa MUD, 0.95. Hiki nacho ni nini?

BiMkubwa_77

Basi 140,000 mara asilimia 1.12 ni dola 1,568 unazorudishiwa za 2025. Kaunti nayo inaruhusiwa kusamehe mpaka asilimia 20 ya thamani, hiyo hutegemea kaunti, itazame kwenye tovuti yao. Hundi ikija nyumbani usiile. Ipeleke eskro, kisha omba benki wapige hesabu upya. Deni litashuka mpaka 6,726. Halafu waombe walitawanye miezi 24. Kukupa zaidi ya miezi 12 ni hiari yao, ila waombe kwa maandishi. Wakikubali utalipa kama 3,130, na deni likiisha utashuka kwenye 2,850 hivi. Kwenye 2,290 hurudi tena, hiyo iage.

Faida nyingine: ukiwa na homstedi, thamani wanayokutoza haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko likichachamaa.

Wa_Kiambu

MUD nakuelezea mimi, ilinipiga pia. Ni wilaya ya maji. Ukinunua mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe juzi, jiji halijafika huko. Wilaya inaundwa, inakopa kwa hati za dhamana, inalaza mabomba ya maji safi, maji taka na mifereji ya mvua. Deni mnalipa nyinyi wenye nyumba kupitia kodi. Kuna karatasi yake ulisaini siku ya kununua, kati ya zile mia moja na ushee. Huwezi kujitoa. Afueni ni kwamba nyumba zikiongezeka na deni likipungua, kiwango huwa kinashuka. Yangu ilianza 1.10, sasa 0.78.

Na msidanganywe na ile sifa ya "Texas hakuna kodi ya mshahara". Ni kweli haipo, na katiba yao imekataza hata serikali ya jimbo kutoza kodi ya nyumba. Lakini shule na kaunti zinakula wapi? Zinakula kwako.

Dereva_Bukavu

Ndugu, miye mutu wa Bukavu, musinicheke Kiswahili. Usikubali ile 361,000 bure bure. Andika protesti. Mwisho ni tarehe 15 Mei, ao siku 30 kisha ile notisi kutumwa, yenye kuja nyuma ndiyo ya kufuata. Angalia tarehe kwenye karatasi.

Miye nilienda mwaka jana. Kwanza unaketi na mthamini mumoja, muko wawili tu, kompyuta katikati. Alikuwa amelinganisha nyumba yangu na nyumba ya piscine, bwawa la kuogelea! Nikamwonyesha picha kwa telefone: nyuma ya kwangu ni majani na baiskeli ya mtoto. Akacheka, akaitoa ile ya piscine, thamani ikashuka 19,000. Dakika kumi na mbili. Ukishindwa kwa huyo, unaenda mbele ya baraza la kupitia uthamini, watu watatu. Omba mapema wakupe ushahidi wenye watatumia, ni haki yako.

BiMkubwa_77

Kaka wa Bukavu kasema yote. Naongezea: Texas bei za mauzo haziko wazi kwa umma, ofisi inakisia. Chukua karatasi za siku ya kununua zinazoonyesha 329,900. Za 2024 zimezeeka kidogo, ila zina uzito. Je, kampuni iliyokujengea bado inauza mtaani kwako?

MtuWaNgamiani

Ndiyo, mtaa wa pili. Kuna bango kubwa, ramani kama yangu, "kuanzia 318,000".

BiMkubwa_77

Kalipige picha leo. Bango lote, na namba ya mtaa ionekane. Nani atanunua yako ya miaka miwili kwa 361,000 wakati mpya ni 318,000 hatua mia mbili? Hata wakikuishia 335,000, unaokoa dola 750 na kitu kwa mwaka. Kampuni za kukufanyia protesti zipo, zinachukua fungu la utakachookoa. Kwa kesi nyepesi kama hii nenda mwenyewe.

Binti_Pangani

Samahani nadandia uzi. Baba yetu alifariki 2023, nyumba iko Dallas, hati ina jina lake peke yake. Mama ana miaka 68, anaishi humo. Hakuacha wosia. Kaka zetu wa mama mwingine, wako Dar, wanasema nyumba ni ya mirathi igawanywe kama tulivyozoea. Kodi tumelipa kwa shida.

BiMkubwa_77

Poleni kwa msiba, mwanangu. Waliinunua wakiwa wameshaoana? Kama ndiyo, Texas huihesabu mali ya ndoa, hata hati iwe na jina moja. Nusu ni ya mama yako tangu mwanzo. Hiyo nusu ya baba, kama watoto wote wangekuwa wa mama yako, mama angeirithi yote. Kwa kuwa kuna watoto wa mama mwingine, nusu ya baba inakwenda kwa watoto wake wote, nyinyi na wao sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Hesabu za mirathi za nyumbani hazifuatwi kama marehemu hakuandika wosia. Lakini mama ana haki ya kuishi humo maisha yake yote, hawawezi kumtoa ili wagawane.

Kuhusu kodi: sheria ya 2019 inamruhusu mrithi anayeishi ndani kupata homstedi yote hata kama ni mmiliki wa sehemu tu. Kwa umri wake anaongezewa 60,000 juu ya zile 140,000 upande wa shule, na kodi yake ya shule inawekewa kikomo. Zikimzidi kabisa, anaweza kujaza hati ya kuahirisha: kodi inabaki deni juu ya nyumba kwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, hawamuuzii nyumba akiwa bado anaishi humo. Ila deni hilo mtalikuta nyinyi. Tafuteni wakili wa mirathi mapema, hati isikae na jina la marehemu.

Binti_Pangani

Mungu akuweke. Fungua uzi wako tukufuate.

MtuWaNgamiani (mrejesho)

Wakuu, nimejaza 50-114 kwenye tovuti, ikanigomea. Leseni yangu ya udereva bado ina anwani ya zile fleti tulizohama. Wanataka anwani ya kwenye leseni iwe ya nyumba hii. Nimebadilisha kwa DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, mtandaoni, dola 11, wamenipa karatasi ya muda. Nimeambatanisha na bili ya umeme ya Januari 2025, fomu imepokelewa.

Protesti nimeiingiza jana. Picha za bango ninazo nne. Nilipokuwa nazipiga, kijana wa mauzo akatoka akaniuliza kama natafuta nyumba. Nikamuuliza rejesho ni kiasi gani kwa mwezi. Akasema 2,240, kila kitu ndani.