Mfano wa chachu: watoto waoke nini?

Swali: Wapendwa, nataka kufundisha Mathayo 13:33 (ufalme wa mbinguni ni kama chachu ambayo mwanamke aliificha ndani ya unga, hata ukachacha wote) kwa kuoka mkate na watoto wa miaka 6 hadi 9. Nina saa mbili tu. Vipimo?

Jibu: Unga wa ngano gramu 500, hamira kavu gramu 7, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, maji vuguvugu mililita 300. Kanda dakika 10, funika dakika 45, kata madonge 12, yapumzike dakika 15, oka nyuzi 220 dakika 15 hivi. Kanda pia donge dogo lisilo na hamira, liwe kando. Waguse yote mawili: moja linabonyea na kurudi, lingine limelala tu. Hapo “ukachacha wote” haihitaji maelezo marefu.

Jibu: Maji yakichoma kidole yataua hamira, na somo litalala pamoja na unga.

Jibu: Donge lisilo na hamira lisukume jembamba, litoboe kwa uma, uoke: hiyo ni Kutoka 12, mkate usiotiwa chachu wa Pasaka. Ila 1 Wakorintho 5, ambako chachu ni uovu, iache siku nyingine, watachanganyikiwa. Na chachu ya zamani ilikuwa kinyunya kilichochacha, si hamira ya pakiti.