Data ghafi za tafiti zetu zifunguliwe kwa wote?

Mleta mada
Wadau, Februari 2025 Marekani ilipokata misaada, mpango wa DHS uliokuwa ukisaidia nchi kama yetu kufanya tafiti za afya ya uzazi na mtoto tangu 1984 ulisimama. Maombi mapya ya kupewa data yakakwama. Katika utafiti wa mpango huo wa 2022 wadadisi wetu walihoji wanawake zaidi ya 15,000 Bara na Zanzibar, halafu mwanafunzi wa Dodoma akaambiwa mlango umefungwa Marekani!

Msimamo wangu: data ghafi, yaani majibu ya kila aliyehojiwa, za kila utafiti wa kaya ziwekwe hapa nchini, zifunguliwe ndani ya miaka miwili, bila barua ya kuomba. Ripoti haitoshi. Inakupa asilimia ya mkoa tu. Ukitaka kujua waliojifungulia nyumbani Lindi walikuwa na elimu gani, na wangapi wana bima, lazima urudi kwenye majibu yenyewe.

Mdadisi wa zamani
Taratibu, ndugu. Mimi nimekaa kwenye mikeka ya watu nikiwaapia kwamba majibu yao ni siri. Mjane, mwalimu, watoto saba, kijiji fulani. Hapo jina la nini tena? Na kwenye dodoso kuna swali la kupigwa na mume.

Mleta mada
Dada, ndiyo maana DHS hawatoi mahali halisi. Alama ya GPS ya eneo husogezwa makusudi: mijini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na vijijini eneo moja katika mia hadi 10. Jina la kijiji halimo.

Mhadhiri
Hiyo ni kwa wenye fedha za kuajiri mtaalamu wa kuficha utambulisho wa waliohojiwa. Mimi shida yangu nyingine. Niandike dodoso, nihangaikie kibali, nisukume gari kwenye tope la masika, halafu mtu wa Ulaya mwenye wasaidizi watano achapishe kabla yangu? Kila muhula nina madarasa ya kufundisha, yeye hana.

Mwananchi
Mnasahau la 2018. Shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wake wa maoni: waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walishuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wakawataka Twaweza wajieleze kuhusu kibali cha utafiti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, kupinga takwimu rasmi hadharani likawa kosa; kifungu kikaja kulegezwa 2019. Sasa "hapa nchini" maana yake ufunguo anashika nani?

Mleta mada
Basi nakala mbili. Moja Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), nyingine DataFirst, Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao kazi yao ni kuhifadhi data za tafiti za Afrika. Akifunga mmoja, mwingine yupo. Mhadhiri, miaka miwili inakutosha au nikuongezee mmoja?

Mhadhiri
Niongezee. Na huyo mtaalamu wa kuficha alipwe na mfadhili, iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.