Naomba ushauri: nampeleka baba kuona magofu ya Kaole na kanisa la kale Bagamoyo, tuanzie wapi?

Binti_Mwalimu

Wakuu, habari za jioni. Baba yangu alifundisha historia shule za msingi kule Geita miaka 31. Kaole na Bagamoyo kaziandika ubaoni kila mwaka, lakini pwani hajawahi kukanyaga. Sasa ana miaka 68, goti la kushoto linamsumbua na anatembelea mkongojo. Mwezi ujao anakuja kwangu Dar, nami kazini nimepewa ruhusa ya siku mbili tu.

Nataka aone makaburi ya kale ya Kaole na kanisa la misheni. Tuanze na kipi? Halafu sisi ni Wakristo, na Kaole ni msikiti na makaburi ya Waislamu. Sitaki tuvunje adabu za watu. Naomba waliofika wanisaidie, safari hii ni muhimu sana kwangu.

Mwana_wa_Dunda

Karibuni nyumbani dada, na Mzee mpe shikamoo yangu.

Anzeni Kaole, na mfike asubuhi na mapema. Ni kama kilomita 5 kusini mwa mji, bajaji inawafikisha. Jua likishapanda pale ni kali, na kwa mtu mwenye goti bovu saa nne asubuhi tu inatosha kumchosha. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Ardhi ni tambarare ila ina mawe na mizizi, kwa hiyo avae viatu vya kufunga, asije na ndala.

Mkishaingia, msikimbilie kupiga picha. Mpelekeni kwanza kwenye kibla ya ule msikiti wa zamani, unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Aone jinsi mawe ya matumbawe yalivyochongwa na kushikwa kwa chokaa. Kisha makaburi ya nguzo. Kwenye nguzo mtaona vishimo vya duara: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China. Bakuli zimekwisha kutolewa, ila ukitazama kishimo unaujua ukubwa wa bakuli. Mimi hapo ndipo nilipoielewa biashara ya Bahari ya Hindi, na darasani nilikuwa nimeisoma nikafaulu mtihani bila kuielewa.

Mwisho atazame upande wa bahari. Ataona mikoko. Wazee wa huku husema mikoko ndiyo iliyoiziba bandari ya Kaole, biashara ikahamia Bagamoyo.

Safari_Njema

Kwa nini usimpeleke Kilwa Kisiwani? Urithi wa Dunia tangu 1981, Kaole haifui dafu pale.

Mwana_wa_Dunda

Ndugu, Kilwa naipenda, lakini ni kisiwa, na kutoka mji wa Kilwa Masoko ni kuvuka kwa chombo, na maji yakitoka unashuka na kutembea majini. Mzee wa mkongojo, siku mbili? Hapana.

Abu_Nasra

Kuhusu adabu: hakuna atakayewazuia kwa dini yenu. Vaeni nguo za heshima, wewe jifunge kanga au leso kichwani. Msikalie kaburi wala kuegemea nguzo, na kuta msizipande. Lipo kaburi la Sharifa ambalo watu hulizuru kwa dua na nadhiri mpaka leo. Mkimkuta mtu anaomba, simameni mbali mpaka amalize, na kamera iwe mfukoni. Nimewahi kuona wageni wakimpiga picha mama anayelia pale, roho iliniuma.

Parokiani77

Misheni iwe siku ya pili. Mnaingia kwa njia ya miembe mirefu, kuna kivuli, Mzee atapumua. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza hapo 1868. Kanisa la kwanza ni la 1872, na kilichobaki ni mnara wake. Wengi huuita mnara wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi Mskoti, basi watu hudhani aliujenga yeye. Mwili wake ndio uliofikishwa hapo 24 Februari 1874, ukalazwa kanisani kabla ya kuvushwa Zanzibar. Walioubeba zaidi ya kilomita 1,500 ni Waafrika, akina Chuma na Susi na wenzao, baada ya kuuzika moyo wake kule ambako sasa ni Zambia. Mwalimu wa historia asimame hapo kwa muda wake, msimharakishe.

Pitieni na makaburi ya wamisionari. Someni umri wao. Wengi walikufa vijana kabisa, na huwa nashindwa kuondoka bila kuwaombea.

Binti_Mwalimu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea baba majibu yote kwa simu. Kwenye vile vishimo vya bakuli alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: hizo kaure zipo mahali anapoweza kuziona kwa macho yake?

Mwana_wa_Dunda

Kaole penyewe pana makumbusho madogo, mna vipande vya kaure na vyungu vilivyookotwa hapo. Anzeni humo ndipo mwende makaburini. Na beba kiti cha kukunja, akae mbele ya nguzo atazame apendavyo.

Binti_Mwalimu

Kiti nimekinunua leo Kariakoo.