Hawa Al Murrah wa Rub al Khali walikuwa wanakunywa nini?

Mdadisi_wa_Kale: Wakuu habari za muda huu. Kuna hawa mabedui wa Saudia wanaitwa Al Murrah, eti miaka yote wanaishi Rub al Khali, jangwa la mchanga kilomita za mraba kama 650,000, mto hakuna ziwa hakuna. Walikuwa wanaishije humo? Au ni stori za kunogesha tu? Na siku hizi bado wapo?

mfugaji_mstaafu: Sio stori mkuu, siri yao ni ngamia. Msimu wa baridi mvua ikidondoka kidogo majani yanachipua, ngamia akila yale mabichi anakaa wiki kadhaa hajagusa maji na watu wanaishi kwa maziwa yake. Visima vipo ila vingi maji yake yana chumvi, machungu balaa, binadamu hayapiti kooni, lakini ngamia anayanywa halafu wewe unamkamua, yaani ndo chujio lao. Wanapenda sana wale weusi, majahim, wana maziwa mengi. Kiangazi wanasogea kwenye visima vya uhakika na mitende, kule Jabrin na Al-Ahsa. Kwa hiyo wale wanaosema mabedui wanazurura tu ovyo wanawaonea, wanahama kwa mpango.

Bi_Shangwe: Umesahau nyayo! Mtu wa Al Murrah anaangalia mchanga anakwambia kapita ngamia wa nani, mpaka polisi wa Saudia wakawaajiri kusaka wahalifu. Philby yule mpelelezi wa majangwa Mwingereza alivyokatiza jangwa 1932 akitafuta Wabar, mji wa hadithi uliosemekana kupotea mchangani, aliongozwa na hao hao, kufika hakuna mji wala nini, mashimo ya kimondo 😂 Hata Abdulaziz, yule mwanzilishi wa Saudia, familia yake ilipotimuliwa Riyadh 1891 na mahasimu wao ukoo wa Al Rashid, walihifadhiwa kwao kwanza ndo baadaye wakaenda Kuwait.

mfugaji_mstaafu: Hapo sawa dada. Na bado wapo, ila siku hizi ngamia anapakiwa kwenye pikapu na maji yanaletwa na boza, wengi wao wameingia jeshini. Kilichowaumiza ni mipaka maana kabila limekaa Saudia, Qatar, Kuwait na Emirates. Qatar, baada ya lile jaribio la 1996 la kumrudisha amiri aliyepinduliwa, ukoo wa Al Ghufran, tawi la hao Al Murrah, ulituhumiwa kuhusika na maelfu wakanyang'anywa uraia, hadi watoto ambao hawakuwepo kabisa.

Mdadisi_wa_Kale: Duh. Amiri yupi huyo?

Bi_Shangwe: Khalifa. Mwanae Hamad ndo alimpindua 1995, mzee akiwa safarini Uswisi.