Acheni kuwadanganya vijana wa kikapu na "mechi 25 za NBA": huku kwetu adhabu ni miaka 4

Wadau wa kikapu, hili limenichosha. Kila NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikimsimamisha mchezaji kwa dawa za kusisimua misuli, maskani zote kuanzia mjini Unguja hadi Wete zinapokea habari kwa maneno yale yale: "Kumbe kosa lenyewe mechi 25 tu, anarudi kabla msimu haujesha." Na wanaosema hivyo ni watu wazima, tena baadhi yao makocha, mbele ya watoto wa skuli wanaojifunza kudundisha mpira. Yakhe, adhabu hiyo ni ya NBA peke yake. Kijana wa Zanzibar hatahukumiwa nayo hata siku moja.

Hebu tuziangalie hizo adhabu zao: jina, mwaka, dawa aliyokutwa nayo mtu, na adhabu. Rashard Lewis, 2009, DHEA: mechi 10. Hedo Türkoğlu, 2013, methenoloni: mechi 20. Joakim Noah, Machi 2017, LGD-4033: mechi 20. Jodie Meeks, 2018: mechi 25. Mwaka 2019 wakafuatana watatu katika miezi minne: Wilson Chandler kwa ipamorelini, Deandre Ayton kwa dawa ya kukojosha, John Collins kwa peptidi ya GHRP-2, kila mmoja mechi 25. Januari 2024 Tristan Thompson akakutwa na vitu viwili kwa mpigo, ibutamoreni na LGD-4033, naye akapewa mechi 25 zile zile. Msimu una mechi 82. Chini ya theluthi moja ya msimu, bila mshahara, kisha mtu anarudi uwanjani. Kosa la pili ni mechi 55, na la tatu ndilo linalomtoa mtu kwenye ligi.

Sasa chukua kesi ya Collins umpe mchezaji aliye chini ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. GHRP-2 imo kwenye kundi la homoni za peptidi, na kwa Kanuni ya Dunia ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi michezoni, adhabu ya kuanzia ni miaka 4. LGD-4033 ni miaka 4. DHEA ni miaka 4. Dawa ya kukojosha kama ya Ayton huanzia miaka 2. Adhabu inaweza kupunguzwa mchezaji akithibitisha kuwa dawa iliingia kwa kitu kilichochafuliwa, lakini kuthibitisha ni juu yake yeye: atafute chupa, atafute pakiti isiyofunguliwa ya toleo lile lile, alipie maabara. Niambieni ni kijana gani wa Jang'ombe au Chake Chake mwenye uwezo wa kulipia hayo.

Tofauti hii inatokana na kwamba NBA ni ligi binafsi na haikutia saini Kanuni ya WADA. Sheria zake za dawa zimo ndani ya mkataba wa kazi kati ya ligi na chama cha wachezaji, kwa hiyo adhabu hupatanwa mezani kama mishahara inavyopatanwa. Hata idadi ya vipimo hupatanwa. Mkataba wa 2017 uliweka vipimo vya kushtukiza vya mkojo visivyozidi 4 ndani ya msimu na 2 nje ya msimu kwa kila mchezaji. Vya damu, kwa ajili ya homoni ya ukuaji, ni 2 ndani ya msimu na 1 nje. Fikirini maana yake: mchezaji aliyekwisha kutolewa damu mara mbili kufikia Januari anajua kwa yakini kwamba kwa kipimo cha kushtukiza hatoguswa tena mpaka msimu uishe. Na homoni ya ukuaji ikidungwa, kipimo cha kawaida cha damu huiona kwa siku moja au mbili tu baada ya sindano. Kipimo hicho kilianza kutumika kwenye Olimpiki ya Athens 2004. NBA imeanza kupima damu msimu wa 2015-16. Miaka 11 nzima kipimo kipo na hawakukitumia, halafu leo tunaambiwa tuwaige!

Chini ya WADA hakuna ukomo wa vipimo. Mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa hutaja kwa kila siku muda wa dakika 60 na mahali atakapopatikana, na akikosekana au akikosea taarifa mara 3 ndani ya miezi 12 anahesabiwa amevunja kanuni, anafungiwa hadi miaka 2 bila dawa yoyote kuonekana mwilini.

Watu wengi hapa hawataki kukubali kwamba haya yanatuhusu, na hoja yao ni kuwa Zanzibar si mwanachama wa FIBA. Kweli si mwanachama. Lakini mchezaji wetu akiitwa timu ya taifa anavaa jezi ya Tanzania, na Tanzania imo FIBA. Akisajiliwa na klabu ya Dar inayoingia kufuzu BAL, ligi ya kikapu ya klabu za Afrika, mashindano hayo yako chini ya FIBA. Ndoto ya kila kijana wetu inapitia mlango huo, na mlangoni hakuna mkataba wa NBA wa kumkinga.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba vitu vinavyowaweka wachezaji wetu hatarini havifanani hata kidogo na peptidi za kina Collins. Ni vitu vya kila siku.

Dripu, kwa mfano. Mashindano ya joto, mechi mbili kwa siku, mchezaji anachoka, anapelekwa kwa mtu anayejua kudunga na anatundikiwa chupa ya nusu lita ya maji ya chumvi au glukosi "apate nguvu". Dripu au sindano ya mshipa inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa wakati wote, hata ikiwa maji matupu, kwa sababu hutumika kupunguza makali ya damu na mkojo kabla ya kipimo. Kinachoruhusiwa ni tiba ya kweli hospitalini, upasuaji au uchunguzi wa kitabibu. Dripu ya chumba cha kubadilishia nguo haimo humo. Mchezaji aliyekauka maji anyweshwe kwa mdomo, maji na chumvi za pakiti wanazopewa wanaoharisha (ORS), akae kivulini. Akizimia apelekwe hospitali na cheti kitunzwe.

Sindano ya goti au ya nyonga. Hizi mara nyingi ni za jamii ya kotikosteroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, na tangu 2022 sindano zote za jamii hiyo zimekatazwa katika kipindi cha mashindano, kinachoanza saa 5:59 usiku wa kuamkia mechi. Dawa hukaa mwilini muda tofauti: deksamethasoni ikidungwa kwenye nyama hesabu siku 5, prednisoloni siku 10, triamsinoloni siku 60. Siku 60! Kijana anadungwa leo kwa maumivu, anapimwa mwezi ujao akiwa hana hata kumbukumbu ya jina la dawa. Vidonge vya prednisoloni ni siku 3. Diklofenaki na ibuprofeni hazina tatizo, na aghalabu ndizo zinazotosha.

Tramadoli imekatazwa kwenye mashindano tangu Januari 1, 2024. Najua inavyopitishwa mkono kwa mkono kama panadoli. Basi iacheni. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini navyo: mkojo ukizidi mikrogramu 150 kwa mililita ni kosa, kwa hiyo viachwe angalau saa 24 kabla ya mashindano.

Mirungi nitaisema wazi, maana wengine wanaionea haya. Mbali na kuwa sheria yetu imeiharamisha, majani yake yana kathinoni na kathini, na zote mbili zimo kwenye orodha ya vichangamshi. Kathini ikizidi mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, umekamatwa. Mtu atatafuna usiku wa kuamkia fainali akiona anajipa macho. Na bangi, msije na hoja kwamba NBA imeiondoa kwenye mkataba wake wa 2023. WADA haijaiondoa. Kwenye mashindano ukomo ni nanogramu 150 kwa mililita.

Halafu makopo. Unga wa protini wenyewe na kreatini havikukatazwa, na kafeini haikukatazwa. Hatari iko kwenye makopo ya "kuchoma mafuta" na ya "kupandisha moto kabla ya mazoezi" yanayoletwa na wasafiri au kuuzwa mtandaoni. Someni maandishi madogo nyuma ya kopo. Mkiona MK-677, hiyo ndiyo ibutamoreni ya Thompson. MK-2866 ni ostarini, nayo imekatazwa. Ligandrol au Anabolicum ndiyo LGD-4033. DMAA, methylhexaneamine na geranium extract ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina, kichangamshi kilichokatazwa. Higenamine nayo imo. Na kopo lisiloandika lolote kati ya hayo linaweza kuwa nayo, kwa sababu mashine inayopakia protini leo ilipakia kitu kingine jana. Alama kama Informed Sport au NSF Certified for Sport maana yake bidhaa imepimwa maabara. Kwa Informed Sport lazima pia namba ya toleo iliyopigwa chini ya kopo ionekane kwenye orodha yao, maana kopo la toleo jingine halijulikani lina nini. Kopo lisilo na alama hizo mchezaji wa mashindano asiliguse, na kocha anayemuuzia mchezaji wake kopo la namna hiyo aondolewe kwenye benchi.

Upimaji wenyewe nao hakuna anayewafundisha. Mwisho wa mechi ofisa au msindikizaji anakuja, anakuonesha kitambulisho, unatia saini. Kuanzia dakika hiyo huondoki machoni pake. Unaruhusiwa kuhojiwa, kutibiwa jeraha, kupoza mwili au kupokea medali, lakini akiwa nawe. Kukimbia au kukataa ni miaka 4, sawa na kukutwa na steroidi. Mchezaji wa chini ya miaka 18 aende na mtu mzima wake. Chumbani unachagua mwenyewe kikombe kimoja kati ya vilivyofungwa, unakojoa mbele ya ofisa wa jinsia yako, nguo zikiwa zimepandishwa mpaka kifuani na kushushwa mpaka magotini. Tunajua ni aibu kwa malezi yetu, na ndiyo sababu waambiwe mapema wasije wakakataa kwa haya wakafungiwa. Unahitajika mililita 90: unamimina mwenyewe, 30 kwenye chupa B, 60 kwenye chupa A, unabakisha matone machache ya kupima uzito wa mkojo. Kipimo kikisoma chini ya 1.005 mkojo ni maji mno na unakaa mpaka utoe mwingine. Hapo ndipo wengi wanapojitesa: wanabugia maji chupa baada ya chupa ili wapate haja, mkojo unakuwa mwepesi, wanakaa mpaka usiku wa manane. Kunywa kidogo, na chupa ufungue mwenyewe.

Kabla ya kutia saini ya mwisho, linganisha namba ya chupa A, chupa B, boksi na fomu. Zote ziwe moja. Andika kila ulichotumia siku 7 zilizopita, panadoli, vitamini, dawa ya pumu, kila kitu. Kama kuna jambo halikukupendeza liandike kwenye fomu hapo hapo, kisha chukua nakala yako. Majibu ya A yakiwa mabaya una haki ya kuomba B ifunguliwe ukiwepo.

NYONGEZA kwa wanaouliza "mbona Zanzibar hatupimwi?" Tanzania haina maabara iliyoidhinishwa na WADA, sampuli lazima isafirishwe nje ya nchi, na hiyo ni gharama. Kupimwa mara chache kusiwape raha. Sampuli inaweza kuhifadhiwa hadi miaka 10 na kupimwa upya. Na kijana aliyezoea vibaya hapa atakwenda nayo mazoea hayo mpaka kwenye mashindano anakopimwa.

Na kwa aliyeuliza kuhusu pumu: salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa hadi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Bomba la kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa mvuto mmoja, kwa hiyo mivuto 6 ndani ya saa 8 ndiyo mwisho. Vidonge na sharubati za salbutamoli zimekatazwa kabisa. Anayezihitaji, au anayehitaji dawa nyingine yoyote iliyokatazwa, daktari wake aombe ruhusa ya matumizi kwa tiba angalau siku 30 kabla ya mashindano, aambatanishe vipimo na historia ya ugonjwa.

Ninachotaka kwa viongozi wa kikapu wa Unguja na Pemba ni kitu kidogo. Kabla ya ligi kuanza, kila timu ikae saa mbili na daktari au mfamasia anayeijua orodha ya WADA, ambayo hutolewa upya kila mwaka na kuanza Januari 1. Kila timu iteue mtu mmoja wa kuulizwa kabla mchezaji hajameza kitu, na daftari la dawa likae kwenye begi la huduma ya kwanza: jina la mchezaji, dawa, kiasi, tarehe, aliyempa. Na dripu zipigwe marufuku viwanjani kuanzia mechi ya kwanza.